Rafiki yako kanyamaza na kila ukimuuliza anasema "niko poa": mwongozo kamili wa kumfikia

Naandika hii sababu swali linalonijia ni lile lile. Mtu anasema, nimemuuliza jamaa yangu kama yuko sawa akanijibu niko poa, sasa nifanye nini tena? Wengine walimkusanyia wenzake barazani wamnasihi, jamaa akainuka akaenda zake na tangu siku hiyo simu hapokei.

Wanaume wa huku wana mengi ya kusema. Shida iko kwenye namna tunavyowauliza. Tunauliza mbele ya watu, tunauliza huku tumemkodolea macho, tena swali lenyewe jibu lake lishatengenezwa zamani, alafu akijibu tunaitikia alhamdulilahi tunapita. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye rafiki, kaka, ami au baharia mwenzio aliyebadilika na hujui uanzie wapi. Mke au mama akiusoma pia utamfaa, ila hatua ya pili ataipanga kivyake.

Mifano nimeitoa hapa Amu, yaani Lamu, manake ndiko ninakokujua, wa Malindi badilisheni majina ya mahali tu.

Muhimu: kama leo hii jamaa amesema anataka kujiua, au kashaanza kujidhuru, usianze hatua ya 1. Nenda moja kwa moja hatua ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Masaa mawili matatu yasiyo na haraka. Kama una miadi baada ya Alasiri, ahirisha siku nyingine. Mwanamume akikuona unatazama saa anafunga duka.
- Kazi ya mikono ya watu wawili. Nyavu za kushona, mashua ya kutia kalafati (kuziba mianya ya mbao), ukuta wa kupaka chokaa, pikipiki ya kufungua injini. Iwe kazi ya kweli, si ya kusingizia.
- Simu yenye chaji na kredo, na namba hizi ndani. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, unapiga bure unaongea na mtu wa kukusikiliza. 0722 178 177 ni ya Befrienders Kenya, wao kazi yao hasa ni watu wenye mawazo ya kujiua. 1192 ni ya NACADA, kwa mambo ya ulevi na madawa.
- Pesa kidogo ya nauli. Kama yuko Pate au Kizingitini, jua na saa za maji kujaa na kupwa, manake kwenye mlango wa bahari wa Mkanda maji yakitoka boti inakwama na hakuna la kufanya ila kungoja.
- Mtu mmoja wa akiba. Mzee, maalim, nesi, yeyote ambaye umeshamwona kwa macho yako akiweka siri ya mtu. Bado usimwambie jina la jamaa.
- Sitara. Kama huna uhakika utaweza kukaa na neno la mwenzio bila kulifikisha barazani, simama hapa hapa. Mtafute mwingine aifanye kazi hii. Wallahi ni bora hivyo.

Nasaha huhitaji kuja nazo, wala elimu ya saikolojia. Utaona kwa nini.

## Hatua ya 1: Mwangalie kwa siku kadhaa, usimuulize kitu

Wengi wanaruka hatua hii wakaanza na "mbona hauko sawa?" Hilo ni swali na hukumu kwa pamoja, na mtu akihukumiwa anajitetea.

Tazama nini kimebadilika. Na usitafute machozi tu. Kwa wanaume wengi huzuni inatokea mlango mwingine: hasira ya haraka kwa watoto, kugombana na wenzake chomboni kwa jambo dogo, kazi kupita kiasi au kuacha kazi kabisa, miraa kuanza asubuhi badala ya baada ya Alasiri. Mwili nao unasema, mgongo, kichwa, tumbo, kifua kubana, usingizi kukatika saa tisa za usiku asirudi tena kulala. Anaweza kuwa amemaliza kila panadol ya duka la mtaa na hajatamka hata mara moja kwamba ana huzuni.

Angalia na msimu. Kusi ikishika, kati ya mwezi wa sita na wa saba, bahari inachafuka, vyombo vidogo haviendi nje, na wageni nao ni wachache. Kitabu cha deni dukani kinajaa. Mwanamume aliyefunzwa tangu utotoni kwamba thamani yake ni kile anacholeta nyumbani, msimu huu hana anacholeta, na yuko nyumbani mchana kutwa akitazamwa. Kuna waliokatazwa kuvua usiku kwa miaka kwa sababu ya usalama, kuna wale wavuvi ambao Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya ujenzi wa bandari ya Lamu na wakabaki kungoja. Ukikaa na watu hawa utasikia hesabu za pesa, lakini chini yake kuna kitu kingine kabisa, mtu anajiona hana kazi tena duniani. Usipokijua hicho utampa elfu moja ukadhani umemaliza.

Andika mambo mawili uliyoyaona kwa macho yako. Yasiwe na hukumu ndani. "Amekuwa mvivu" ni hukumu. "Hajaingia chomboni tangu mwezi uandame" ni jambo lililoonekana.

Onyo: usizunguke kwa mke wake au wapwa zake kuchunguza. Vichochoro vya mji huu vyembamba, neno linamfika kabla hujafika wewe.

Utajua umefaulu: unaweza kuyasema hayo mambo mawili kwa sentensi moja, bila kusema neno "mbaya", "vibaya" wala "tatizo".

Na kama hali imeshikilia wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, karibu kutwa, hamu ya vitu alivyovipenda imemtoka, basi jua inawezekana ni depresheni, ambayo ni ugonjwa na una dawa. Hatua ya 8 itakuhusu.

## Hatua ya 2: Mtoe barazani, mpe kazi ya mikono

Baraza nalipenda, mji huu bila baraza sio mji. Lakini baraza ni mahali pa mwanamume kuonekana mzima. Pale anacheza dhumna, anajibu mzaha kwa mzaha, anajua nani amepita na nani anasikiliza dirishani. Kumwambia afungue moyo pale ni kumwambia avue kanzu uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, mchana.

Mwite kwenye kazi. Mwambie hivi tu: "Njoo unisaidie, ile mashua nataka kuitia kalafati kabla maji hayajarudi." Usiongeze "nataka tuongee". Ukisema unataka tuongee atakesha akijiuliza amekosa nini, na kesho yake atakutumia meseji ana homa.

Kalafati naitaja kwa sababu nimeona inavyofanya kazi. Chombo kimelazwa ubavu mchangani, nyinyi wawili mmechuchumaa upande mmoja. Mmoja anaisokota pamba iliyorowa mafuta iwe kamba nyembamba, mwingine anaisukuma kwenye mwanya wa ubao kwa patasi na nyundo, tak, tak, tak, anasogea kiganja kimoja, tena tak, tak. Macho yako yako kwenye ubao na yake pia. Hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Neno likiwa zito mtu anapiga nyundo mara tatu nne kwanza alafu analisema, na akijuta kulisema anapiga nyundo tena na hakuna aliyemuona akijuta. Kushona nyavu ni hivyo hivyo. Kutembea ufukweni kutoka mjini kwenda Shela kunafaa pia, mnatembea bega kwa bega, na njia ndefu ya kutosha.

Mkae peke yenu. Hata rafiki yenu wa tangu chuoni asije.

Onyo kuhusu miraa: kuna watakaokwambia mkalishe mkeka, mle, handasi (ule mchangamko wa miraa) ikipanda atasema yote. Atasema, ndiyo. Na kesho yake hatakutazama usoni kwa alivyoona haya, na usiku ule ule hatalala, na kwa mtu mwenye msongo kukosa usingizi kunazidisha kila kitu. Kahawa tungu na tende mbili tatu zinatosha.

Utajua umefaulu: amekuja, na kazi imeanza. Basi, leo huhitaji zaidi.

## Hatua ya 3: Anza na ulichokiona, uliza mara moja

Subiri kazi iwe imeshika kasi yake, nusu saa hivi. Alafu sema yale mambo mawili, kwa sauti ile ile unayoombea patasi.

Usiseme hivi:

"Kaka, uko sawa?"
"Niko poa."
"Haya bwana, ukiwa na shida useme."

Hapo mmemaliza. Hiyo "ukiwa na shida useme" inasikika kama ukarimu lakini umemrudishia yeye kazi yote, yeye ndiye achague siku, atafute maneno, abishe mlango. Mtu aliyechoka hawezi hayo.

Sema hivi:

"Nimeona hujaingia chomboni mwezi huu. Na juzi Magharibi nilikuona umekaa pale ukutani mpaka Isha ikaadhiniwa. Nimekuwa nikikufikiria. Kuna nini, ndugu yangu?"

Tazama kilichofanyika. Umemwonyesha kuna mtu amemuona, hujamwita mgonjwa, hujamwita dhaifu. Na "kuna nini" haijibiwi kwa "niko poa" kirahisi.

Kama ni ami yako au mzee kwako, heshima ibaki pale pale: "Ami, shikamoo yangu ni ile ile na adabu yangu ni ile ile, lakini nimeona chakula unakirudisha. Naomba uniambie kama kuna jambo." Wazee wengi hawajawahi kuulizwa na kijana, na wengine wanangoja tu.

Utajua umefaulu: hajajibu haraka. Jibu la haraka ni lile la barazani.

## Hatua ya 4: Nyamaza

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, tena watu wema kabisa wenye nia safi. Wanauliza vizuri, jamaa ananyamaza, na wao hawaustahimili ule ukimya, wanataka kuukumba kama maji ya ndani ya chombo. Basi wanajaza. Wanatoa kisa cha binamu yao. Wanajibu swali lao wenyewe: "ni pesa eh? Najua ni pesa." Jamaa anasema eeh ni pesa, amepata pa kujificha.

Ukimya ule ndio anafikiria kama akuamini. Muache afikirie. Endelea na kazi, pumua, usiguse simu. Akianza na jambo dogo la pembeni, injini imeharibika, ada ya shule, fuata hilo hilo dogo, sababu mwanamume hujaribu mlango kwa kidole kabla ya kuingia na mwili mzima. Ukilidharau dogo hatakuletea kubwa.

Maneno yanayofaa hapa ni machache na mafupi:

- "Eeh."
- "Alafu?"
- "Tangu lini?"
- "Hilo zito."
- "Nakusikia, endelea."

Usitoe suluhisho hata kama unalo mkononi. Najua linawasha, sisi tumelelewa kutengeneza vitu. Lakini ukitoa suluhisho dakika ya tano umemwambia kisa kimeisha, na alikuwa bado yuko mlangoni.

Akilia, usimfute machozi, usimwambie nyamaza, usiangalie huku na huku kama kuna anayeona. Kaa pale pale. Mkono begani unatosha kama mmezoeana hivyo, kama hamjazoeana endelea kusokota pamba yako taratibu.

Utajua umefaulu: yeye ameongea zaidi yako. Ukirudi nyumbani ukakumbuka maneno yako mengi kuliko yake, siku nyingine rudia hatua hii.

## Hatua ya 5: Chunga ulimi wako, hasa kwa hili la "jikaze"

Kuna sentensi zinatutoka zenyewe kwa sababu ndizo tulizolelewa nazo. "Jikaze, wewe mwanamume." "Kuna wenye shida kuliko wewe." "Utawaambia nini watoto wako?" Ukimwambia mtu jikaze, ameshajikaza kiasi cha kuumia, ndio maana yuko hivi. Unamuongezea kazi ile ile iliyomchosha.

Na tuambizane ukweli juu ya hili la mwanamume halii. Usiku wa Ramadhani imamu akiomba qunuti sauti ikamkatika, safu nzima ya wanaume inalia, wazee kwa vijana, na wakitoka hakuna anayemcheka mwenzake. Mtume (SAW) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na utume wake haukupungua kitu. Sasa huu uanaume wa kukausha macho tumeutoa wapi? Sisi tunausemea kana kwamba ni dini na dini yenyewe haiusemi. Mimi naamini mwanamume ni mtu wa kubeba, sawa, hilo sikatai, na baba zetu walibeba mengi. Lakini hata bandarini gunia likizidi uzito watu wanaitana wawili, na hakuna hamali aliyewahi kuambiwa kwa hilo kwamba si mwanamume.

Kuhusu dini: ukiona jamaa mwenyewe anaelekea huko, nenda naye, muombeeni dua, kisomo kifanyike, hakuna ubaya. Ila usimwambie "ungekuwa unaswali vizuri yasingekupata haya." Kuna wanaoswali safu ya mbele na ndani wameungua. Ukimwambia hivyo utamfanya aone hata Mola wake kamkataa, na kwa mtu aliyekata tamaa hilo ni hatari.

Na wakisema ni majini au kijicho, usikae kubishana. Kisomo na hospitali vinaenda pamoja. Kisichofaa ni mtu kumwambia aache dawa za daktari ndipo asomewe.

## Hatua ya 6: Uliza kuhusu kujiua, kwa jina lake

Kama amesema "nimechoka na dunia", "wangekuwa bora bila mimi", "sioni mbele", au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga watu pasipo safari, uliza. Hata kama hajasema, ila roho yako inakuambia, uliza.

"Ndugu yangu, unafikiria kujiua?"

Uliza hivyo hivyo, kavu, kwa upole. Usiseme "usije ukafanya ujinga" manake hapo ushamwambia jibu gani hutaki kulisikia.

Watu wanaogopa kwamba ukimuuliza utamtia wazo. Humtii. Watafiti wamelichunguza hili kwa miaka na swali la moja kwa moja halipandi wazo, mara nyingi linamtua mtu mzigo kwa kuwa hatimaye kuna anayeweza kulisikia. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Sisi tunalificha kwa haya, na haya inazika watu.

Akisema hapana, mshukuru, mwambie siku wazo likija akupigie saa yoyote.

Akisema ndiyo, fuata hivi:

1. Usimuache peke yake. Hata kwenda chooni mpe muda alafu mbishie.
2. Muulize kama ameshafikiria namna, na kama kitu chenyewe kiko karibu. Kama kipo kitolewe nyumbani leo, wewe au mtu wa nyumbani mkichukue. Wakati mbaya kabisa mara nyingi hupita, na kitu kikiwa mbali mtu anapata muda wa kupitwa nao.
3. Piga 1199 au 0722 178 177 ukiwa pale pale, weka spika kama ameridhia.
4. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hapa Amu ni King Fahd, Malindi ni hospitali ya kaunti ndogo. Ingia emajensi, mwambie nesi kwa sauti ya chini: "Mwenzangu ana mawazo ya kujiua, hatuwezi kungoja foleni."
5. Siri hapa ina mpaka. Mwambie wazi: "Mengine yote nitayafunika, hili la uhai wako nitamwambia daktari na mtu mmoja wa nyumbani kwenu. Unataka nimwambie nani?" Mpe yeye achague.

Kuna watu wanaogopa hospitali kwa sababu ya polisi, wamesikia mtu akijaribu kujiua anashtakiwa. Kweli ilikuwa hivyo, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya ni kosa. Lakini tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Mwambie hilo, linamtoa mtu hofu.

Utajua umefaulu: yuko hai usiku huu na hayuko peke yake. Mengine ya kesho.

## Hatua ya 7: Fanyeni jambo moja dogo

Kama hakuna hatari ya hatua ya 6, kabla hamjaachana muulize: "Katika haya yote, lipi linakuuma zaidi wiki hii?" Alafu fanyeni hilo tu, tena kipande chake. Kwenda na yeye kwa mwenye duka kuomba deni ligawanywe. Kuandika mikopo yote ya simu kwenye karatasi moja, maana wengi hawajui hata jumla yao, wanajua tu simu ikilia wanatetemeka.

Usimfanyie, fanyeni pamoja. Ukienda kumlipia kimya kimya umemthibitishia kwamba hawezi kitu.

## Hatua ya 8: Hospitali, bila kuifanya mahakama

Zile wiki mbili zikiwa zimepita na hali ni ile ile, aende akaonwe na daktari. Usimwambie "una wazimu mdogo" hata kwa mzaha. Mwambie: "Usingizi umekataa na kichwa kinauma mwezi mzima, twende wapime." Ni kweli tupu, na daktari atapima presha, sukari, na mengine, kwa kuwa kuna maradhi ya mwili kama ya tezi ambayo yanamfanya mtu aonekane amekata tamaa.

Kabla ya kuingia, aandike kwenye simu mambo matatu: tangu lini, analala vipi, anatumia nini, ikiwemo miraa na pombe na mengine bila kuficha. Wanaume wengi wakifika mbele ya daktari wanasema "mgongo tu" wanapewa dawa ya mgongo wanarudi nyumbani vile vile. Ukiwa naye mlangoni mkumbushe: "Usisahau lile la usingizi."

Akiandikiwa dawa za depresheni ajue mapema kwamba nyingi huchukua wiki 2 mpaka 4, na pengine zaidi, kabla hajaona tofauti. Wengi wanaacha siku ya tano wanasema hazifanyi kazi. Na asikate ghafla, azungumze na daktari kwanza. Ikibidi rufaa, Port Reitz kule Mombasa wanashughulikia magonjwa ya akili, na ukiwa unaweza kumsindikiza msindikize, safari ya basi kutoka Mokowe ni ndefu kwa mtu peke yake na mawazo yake.

Kama ni unga, yaani heroini, usimfungie chumbani eti autoe mwenyewe. Malindi kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, tangu 2015, piga 1192 uulize utaratibu.

## Hatua ya 9: Rudi

Siku ya pili mtu aliyefungua moyo anaamka na aibu. Anawaza umemwambia nani, unamuona vipi sasa. Usipomtafuta siku hiyo atajijibu mwenyewe, na atajijibu vibaya.

Mtafute kwa jambo la kawaida. "Ile patasi yangu umeondoka nayo?" Mkikutana barazani mtanie kama unavyomtania siku zote. Akiona utani ni ule ule na hakuna aliyenyamaza alipofika, amejua neno lake limekaa.

Baada ya hapo weka siku maalum ya wiki. Ijumaa baada ya sala, au siku ya kushona nyavu. Ikiwa na ratiba hana haja ya kuomba kuonwa. Si kila mara muongee, mara nyingi hamtaongea kitu, na ni sawa.

Wewe pia utachoka, kusikiliza kunaingia mwilini. Yule mtu wa akiba mwendee, mwambie yako wewe bila kutaja jina la jamaa. 1199 ni yako pia.

## Akikataa kabisa

Atakataa, wengine. Atasema hana kitu, atabadilisha maneno, atakasirika hata. Usimfuate na maswali. Mwambie mara moja tu: "Sawa. Nimekuona na sijakasirika, mlango uko wazi." Rudi kwenye kazi mmalize mashua yenu.

Kisha kila wiki mtumie meseji isiyouliza chochote, ya mwaliko tu: "Kesho asubuhi navuka Manda, nafasi moja iko chomboni." Asipojibu usimuulize mbona hujibu. Wiki ijayo tuma nyingine, na ukisema nafasi iko basi kweli iwepo, sababu kuna asubuhi utamkuta gatini amebeba nyavu zake na hajakwambia kama anakuja.